Mchanga Unaokataa Maji

Mvua ya masika ikipiga Msambweni kwa nusu saa tu, maji mekundu huteremka kwenye vijia vya mashamba, huvuka barabara ya Lunga Lunga na kuishia mitaroni. Kesho yake mwenye shamba akipiga jembe, anakuta unyevu haujashuka hata kina cha kidole. Chini yake udongo umekauka vilevile ulivyokuwa Machi. Ajabu ni kwamba udongo wenyewe ni wa kichanga. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kuwa mchanga hunywa maji upesi na mfinyanzi huyakataa, kwa hiyo mkulima hubaki na maelezo mawili ya haraka: ama mvua ilikuwa kali mno, ama udongo wake umechoka na inabidi alete mwingine. Nitayapinga yote mawili. Ukubwa wa chembe za madini ndio unaoweka mpaka wa kile ambacho udongo unaweza kufanya, hilo halina ubishi. Lakini kinachoamua kama maji yataingia au yatakimbia ni namna chembe hizo zilivyoshikana, hasa katika sentimita mbili tatu za juu, na hapo ndipo mahali pekee ambapo mkono wa mkulima unafika.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Mchanga ni chembe zenye upana wa kuanzia milimita 2 hadi 0.05. Kati ya 0.05 na 0.002 kuna chembe za wastani, zile laini ambazo mto huziacha kandokando ukishafurika. Chini ya milimita 0.002 ni mfinyanzi. Tarakimu hizi zinaonekana kukaribiana, lakini athari zake ziko mbali sana. Chukua punje ya mchanga yenye upana wa milimita 1 kila upande, uikate vipande vya kimo cha mfinyanzi: utapata vipande milioni 125, na eneo la nje linaloweza kushikwa na maji litakuwa limeongezeka mara 500. Maji hayapiti ndani ya punje, hupita katika nafasi zilizo baina yake, na nafasi hizo hufuata ukubwa wa punje. Upana wa tundu ukipungua nusu, maji yanayoweza kupita humo kwa muda uleule hupungua mara kumi na sita. Tundu pana huyaachilia maji yashuke kwa uzito wake. Tundu jembamba huyashika yasishuke, na likizidi wembamba huyashika hata mzizi ukashindwa kuyavuta.

Kwa sababu hiyo vipimo vinavyotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa vinatofautiana sana kutoka udongo hadi udongo. Udongo wa mchanga uliokwisha lowana hupokea zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa, tifutifu kati ya 10 na 20, na mfinyanzi kati ya 1 na 5. Kwenye kuhifadhi, mambo yanageuka. Mita moja ya mchanga huuwekea mmea akiba ya milimita 25 hadi 100, mfinyanzi milimita 175 hadi 250. Weka hesabu hiyo shambani: mahindi yaliyokomaa majani hutumia kama milimita 5 kwa siku. Mizizi ikifika sentimita 60 katika mchanga wenye akiba ya milimita 60 kwa mita, mmea una milimita 36 za kutumia, yaani wiki moja na ushei. Vuli ikikatika kwa siku kumi na nne, na mara nyingi hukatika, mahindi hayo yamekwisha, ilhali muhogo na mkorosho wa jirani bado vina rangi. Wazee wa Kidigo waliojaza minazi, mikorosho na mihogo kwenye ukanda huu wa pwani hawakuhitaji kipimo. Walikuwa wakiisoma akiba hiyo kupitia mimea.

Kaunti ya Kwale, ambamo Msambweni imo, ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili, kwa kuwa ardhi yake imepangwa kwa mistari inayofuatana na bahari. Diani, Tiwi na Msambweni ya ufukweni zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, uliofunikwa na mchanga mweupe au udongo mwekundu mwembamba. Ukipanda kidogo kuelekea bara unakutana na michanga ya Kilindini, kisha vilima vyekundu ambavyo wanajiolojia huviita michanga ya Magarini. Nyuma yake huinuka Milima ya Shimba yenye mawe ya mchanga ya zamani zaidi, na ukivuka kwenda Kinango unaingia katika miamba ya Mariakani na ile ya Maji ya Chumvi, ambako sehemu nyingi udongo ni mzito na, kama jina la mahali linavyotangaza, una chumvi. Kutoka hoteli ya Diani hadi malisho ya Kinango ni safari ya asubuhi moja kwa matatu, lakini unakuwa umepita karibu kila daraja ya chembe iliyomo katika vitabu vya kilimo. Ushauri mmoja hauwezi kufaa kaunti nzima, na anayeuza dawa moja ya udongo kwa wote hao anauza maneno.

Lipo pia jaribio kubwa lililofanyika hapa bila kukusudiwa. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba michanga hiyo ya Magarini katika maeneo ya Maumba na Nguluku ili kupata ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Madini hayo ni sehemu ndogo tu ya udongo. Ili kuyapata, ilibidi udongo wote uoshwe na chembe zitenganishwe kwa ukubwa na uzito: mchanga mtupu ukarudishwa mashimoni, na tope laini la mfinyanzi likapelekwa kwenye bwawa lake. Udongo uliokuwa mmoja ukawa vitu viwili, na hakuna kati ya viwili hivyo kilichofaa kulimwa. Mchanga uliooshwa hupitisha maji na mbolea kama vilivyo, haushiki chochote. Tope nalo likikauka hupasuka, likilowa huziba. Ndiyo maana ukarabati wa ardhi hiyo ulihitaji udongo wa juu uliokuwa umewekwa pembeni, tope kurudishwa tena kwenye mchanga, pamoja na kupanda nyasi na miti. Tazama vizuri lililotokea: hakuna chembe iliyoharibiwa. Ukubwa wote uliokuwemo mwanzoni bado umo. Kilichopotea ni mpangilio, pamoja na mboji na mizizi iliyoushikilia.

Hapo msomaji makini atadakia: kama mgodi ulirudisha mfinyanzi kwenye mchanga, kwa nini mkulima naye asifanye hivyo? Swali ni la haki, na jibu lake ni hesabu. Ekari moja, ukichukua sentimita 10 za juu pekee, ina udongo wa tani 600 hivi. Tuseme mfinyanzi wake ni asilimia 8 na unataka ufike 18. Udongo mzito utakaouleta hauwi mfinyanzi mtupu. Ukibahatika utakuwa na asilimia 40. Kwa kiwango hicho utahitaji tani 275, yaani malori ishirini na saba au ishirini na nane ya tani kumi kumi, kwa ekari moja, na bado kazi ya kuuchanganya hadi usionekane madonge haijaanza. Mgodi ulikuwa na pampu, mabomba na mlima wa tope uliokuwa ukitafuta pa kwenda. Mwenye ekari tatu za Mivumoni hana hivyo.

Upande wa pili ni hatari zaidi, nao hupendekezwa mara nyingi: kumwaga mchanga kwenye udongo wa mfinyanzi "ili ulegee". Fundi wa nyumba za kukandika anajua kwa nini hilo halifanyi kazi. Akitaka ukuta usiopasuka, hachukui mfinyanzi peke yake. Anatafuta udongo wenye mchanga ndani yake, kwa kuwa punje kubwa zinabeba uzito na chembe ndogo zinajaza kila pengo lililobaki kati yake. Anachotaka fundi, yaani kitu kigumu kisicho na nafasi, ndicho kitu ambacho mkulima anakikimbia. Ili mchanga uufungue mfinyanzi, lazima punje zake ziwe nyingi kiasi cha kugusana zenyewe kwa zenyewe, na hapo umeshabadilisha shamba zima kuwa mchanga. Kabla ya kufika huko unatengeneza ukuta uliolala.

Na ukuta huo uliolala ndio ufunguo wa fumbo la Msambweni. Udongo mwekundu wa vilima vya pwani una mchanga mwingi, lakini si mchanga peke yake. Una mfinyanzi kiasi na chembe laini kiasi, mchanganyiko uleule ambao fundi angeuchagua. Ukiachwa uchi, tone la mvua kubwa lenye upana wa milimita 5 hutua kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Pale linapopiga, vibonge vidogo vya udongo huvunjika, chembe laini hurushwa, kisha husombwa na maji na kuzama katika matundu yaliyo baina ya punje za mchanga. Dakika chache zinatosha. Mvua ikikatika na jua likatoka, juu kunabaki gamba jembamba, mara nyingi halizidi milimita chache, jororo linapolowa na gumu linapokauka. Ling'oe kipande kwa ncha ya kisu ukitazame kwa ubavu: juu utaona utando laini unaong'aa, chini yake mchanga ulio huru kabisa. Maji hayajakataliwa na udongo wa shamba, yamekataliwa na utando huo. Mvua ya milimita 50 kwenye ekari moja ni lita 200,000 hivi. Nusu ikikimbia, umepoteza matangi kumi ya lita elfu kumi kumi kwa alasiri moja, na pamoja nayo mboji yote iliyo nyepesi kuelea.

Usikubali hili kwa kuambiwa, lipime. Tafuta mkebe wa maziwa ya unga, kata kitako ubaki bomba, upigilie ardhini sentimita tano kwa kipande cha mbao. Mwaga maji ya kimo cha sentimita mbili na nusu, yaache yaingie ili udongo ulowane, halafu mwaga tena kiasi kilekile na uangalie saa. Fanya hivyo mahali patatu palipo karibu: chini ya mwembe ambako majani hayafagiliwi, katikati ya shamba linalolimwa kila msimu, na kwenye kijia cha watu na ng'ombe. Chembe ni zilezile, maana umbali ni hatua chache. Lakini usishangae chini ya mwembe maji yakapotea kwa dakika chache, shambani yakachukua sehemu kubwa ya saa, na kijiani ukachoka kungoja. Tofauti hiyo haitokani na ukubwa wa chembe, ni ya mpangilio tupu. Jambo hilohilo kwa mizani kubwa linaonekana katika Milima ya Shimba: mvua hushuka taratibu kupitia majani na mchanga wa msituni, ikatokeza chini kwenye chemchemi kama zile za Marere ambazo tangu enzi za ukoloni zimekuwa zikiipelekea Mombasa maji. Toa msitu, acha mchanga uleule, uone chemchemi zitabaki na nini.

Jaribio la pili ni la chupa, nalo linakuambia mpaka wako uko wapi. Jaza theluthi moja ya chupa ya kioo kwa udongo usio na mizizi wala mawe, ongeza maji na kijiko cha sabuni ya kuoshea vyombo, utikise kwa dakika kumi. Weka chini. Kilichotua baada ya dakika moja ni mchanga, weka alama. Kilichoongezeka baada ya saa mbili ni chembe za wastani. Mfinyanzi utachukua siku mbili, na mwingine utabaki ukielea. Onyo moja kwa wenye udongo mwekundu: chuma kilichomo huuunganisha mfinyanzi kuwa vipunje vigumu vinavyojifanya mchanga. Udongo utausugua kiganjani ukakwaruza, ukauita kichanga, na kumbe ukiuendeleza dakika kadhaa unaanza kunata. Kwa hiyo sugua sana kabla ya kutoa hukumu, na tikisa chupa bila haraka.

Kwenye vilima vyekundu, basi, kazi ya kwanza ni kuuvisha udongo nguo kabla mvua haijafika. Matandazo yoyote yanafaa: mabua ya mahindi, nyasi, majani ya mkorosho, makuti yaliyochakaa paani. Hayaongezi kitu kwenye ukubwa wa chembe. Yanachofanya ni kulipokea tone la mvua badala ya udongo, na hilo peke yake huzuia gamba lisizaliwe. Pale ambapo matandazo hayatoshi, na kwa mwenye mifugo hayatoshi kamwe, mmea unaotambaa hufanya kazi hiyo: kunde, fiwi, au viazi vitamu kati ya mistari ya mihogo. Kazi ya pili ni samadi na mboji, ambazo hugundisha chembe laini katika vibonge visivyovunjwa ovyo na mvua. Tani mbili hadi nne kwa ekari ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida. Usipozipata, usizitawanye shamba zima zikapotea. Zitie kwenye mashimo ya kupandia, mmea uzikute pale mizizi ilipo.

Pingamizi linalotolewa na wakulima wenyewe dhidi ya samadi lina nguvu kuliko la wataalamu wengi: pwani ni joto, mchanga una hewa, mboji unayoweka leo mwakani haionekani. Ni kweli. Mfinyanzi hukumbatia mabaki ya mimea na kuyaficha vijidudu visiyafikie. Mchanga hauna maficho hayo. Lakini kinachofuata kutokana na ukweli huo si kuacha, bali ni kubadili mtindo. Tani kumi mara moja kila miaka mitano ni hasara kwenye kichanga. Tani mbili kila msimu ni akiba. Na sehemu ya hicho unachoweka iwe ni kitu kisichooza upesi. Makumbi ya nazi yaliyochomwa kwa hewa haba hadi yakawa makaa, kisha yakapondwa na kuchanganywa na samadi, hubaki udongoni miaka mingi, na matundu yake madogo hushika maji ambayo mchanga ungeyaachia. Kwa mfinyanzi makaa hayo hayana faida kubwa hivyo, kwa kuwa matundu madogo tayari unayo tele.

Wengine watasema matandazo huita mchwa. Huita, na kwenye nyumba ya miti hilo ni janga. Shambani mambo ni tofauti kidogo. Watafiti walioweka matandazo juu ya ardhi iliyokufa kwa magamba huko Burkina Faso waliona mchwa wakilitoboa gamba ili kuyafikia majani, na maji yakaanza kuingia palepale yalipokuwa yakikimbia. Hapa pwani tuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali ambapo hapakuwa na udongo hata wa kujaza kikapu. Miti ilishika, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Alipoleta majongoo, yakayala na kuyageuza, na mboji ikaanza kujengeka juu ya mwamba. Wadudu hao hawakubadili ukubwa wa kokoto moja. Walitengeneza kile kilichokosekana katikati yake.

Kwa wenye bustani za Diani hali ni nyingine, na makosa yao ni ya gharama zaidi. Desturi ni kununua lori la udongo mwekundu na kulitandaza juu ya mchanga mweupe au mwamba, kisha kupanda nyasi. Udongo wenye matundu madogo ukilala juu ya mchanga wenye matundu makubwa, maji hayashuki mpaka ule wa juu ujae kabisa, kwa sababu matundu madogo huyang'ang'ania. Matokeo ni nyasi zinazooza Mei na kuungua Februari. Kokoto chini ya chungu cha maua ni kosa la jamii hiyohiyo, ingawa karibu kila mtu huziweka. Ukiwa umekwisha leta udongo huo, uchanganye na wa chini hadi kina cha bapa zima la jembe, usiache mstari unaoonekana. Kama hujauleta, fedha yake nunua mboji, na uchague mimea inayopenda mchanga na chokaa badala ya kupigana navyo.

Tena wa Diani na Ukunda wakumbuke kwamba kasi ya mchanga ina bei. Kinachopita haraka kwenye mchanga hufika haraka kwenye maji ya visima, iwe ni mbolea ya CAN au maji ya choo cha jirani. Mbolea ya chumvichumvi kwenye udongo huu igawe mara tatu, kidogo kidogo, wala usiiweke siku ambayo wingu limetanda. Umwagiliaji nao ufuate kanuni hiyo. Chini ya tundu la bomba la matone, maji kwenye mchanga hushuka wima kuliko yanavyotanuka kando, kwa hiyo kumwagilia saa tatu mfululizo ni kunywesha mwamba. Mwagilia dakika chache, mara nyingi. Matundu ya bomba yakaribiane kuliko muuzaji wa mabomba aliyezoea udongo wa bara atakavyokushauri.

Ukivuka Milima ya Shimba kwenda Kinango, geuza karibu kila kitu. Huko akiba ya maji ni kubwa lakini mlango ni mwembamba, na adui mkubwa ni kulima wakati mbaya. Trekta likiingia kwenye mfinyanzi uliolowa, plau hukandamiza na kulainisha udongo chini yake, na msimu wa tatu unakuta sakafu ngumu kwenye sentimita 15 au 20 ambayo maji na mizizi hugeuka hapo. Wanaosema trekta "hufungua ardhi" hawasemi uongo, ila hufungua kwa wiki chache. Mvua mbili nzito hufunga tena ikiwa hakuna kilichogundisha vibonge. Chukua donge, libinye: likivunjika vipande lima, likifinyika subiri. Mwenye mpunga peke yake ndiye asiyehusika. Yeye huvuruga udongo ndani ya maji makusudi ili aue matundu na maji yasimame, jambo linaloonyesha kwamba mpangilio mzuri hauwi mzuri mpaka ujue unapanda nini. Lakini shamba hilohilo akitaka kulirudisha kwenye mahindi, atalipia kuvuruga huko kwa misimu kadhaa.

Mwisho kuna chumvi, ambayo hufanya mfinyanzi usiwe na tiba ya samadi peke yake. Sodiamu ikizidi kwenye udongo, au kwenye maji ya kisima unayomwagilia, chembe za mfinyanzi huachana badala ya kushikana, kila moja ikaenda kuziba tundu lake. Dalili ni dimbwi linalobaki na rangi ya maziwa siku nyingi baada ya mvua. Kuna dawa inayojulikana, nayo ni jasi: kalisiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu na chembe zikarudi kushikana. Kiasi chake huamuliwa na vipimo vya maabara, ambavyo afisa wa kilimo wa wadi au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilicho karibu atakuelekeza jinsi ya kuvipata, na sodiamu iliyotolewa lazima isombwe na maji kwenda chini ya mizizi, la sivyo umehamisha tatizo sentimita kumi tu. Kwa kuwa jasi ni fedha, jaribu kwanza mezani. Chukua madonge mawili makavu ya ukubwa wa njugu mawe, uyatie kwenye glasi mbili za maji ya mvua bila kuyagusa. Donge likibomoka lakini maji yakabaki safi, shida yako ni ukosefu wa mboji, rudi kwenye samadi. Likizungukwa na wingu jeupe, ni sodiamu. Hapo tia kijiko kidogo cha jasi kwenye glasi moja, koroga zote mbili, uziache hadi kesho yake. Maji yenye jasi yakitakata huku yale mengine yakiwa bado na wingu, nenda kapime na ununue. Glasi zote mbili zikifanana, weka fedha yako.